Kaya

Kila Jumanne nakaa meza ya nyuma ya maktaba,
baina ya mashine ya kunakili na kabati la ramani,
chini ya kibao nilichokiandika kwa mkono:
MSAADA WA FOMU, BURE.
Huku milimani Kentucky watu hulisoma neno la mwisho kwa mashaka
na la kwanza kwa aibu.

Verlene Stidham alikuja na mfuko wa plastiki
umejaa bahasha zilizofungwa bado.
"Najua zinavyonuka," akasema, "sina haja ya kuzifungua."
Mpishi wa nyumba ya wazee, mwaka wa kumi na tisa.
Presha, sukari, goti la kushoto.
Akanionyesha kidonge alichokikata kwa kisu cha viazi,
nusu ya leo, nusu ya kesho,
vipande sawasawa, mkono wa mpishi haukosei.

Duka la dawa walimwambia: kadi yako imekufa.
Akaigeuza, akaigeuza tena.
Jina lake lipo. Haina hata mkwaruzo.

Nikazipanga barua kwa tarehe.
Ya kwanza ilitumwa kwenye sanduku
ambalo mafuriko ya Februari yalilibeba pamoja na nguzo yake.
Ya pili iliuliza kwa nini hukuijibu ya kwanza.
Ya tatu haikuuliza kitu.

Na katikati ya hapo, walimwongeza senti arobaini kwa saa.
Meneja alileta keki.
Tumeambiwa haba na haba hujaza kibaba;
hatukuambiwa kibaba hiki kina mstari ndani,
na ukiupita kwa unene wa ukucha
haimwagwi ziada,
humwagwa chote.

Nikamweleza nijuavyo. Kwamba hii si sadaka,
ni kodi ileile uliyokatwa tangu ujana
inarudi kwa mlango wa uani.
Kwamba mstari hupanda kwa kuhesabu vichwa.
"Mko wangapi nyumbani?"
"Mmoja," akajibu upesi,
kama mtu aliyekwisha kulizoea jibu.
"Orville alikwenda na mapafu yake. Mgodi."

Simu yake ikalia. Sauti nyembamba: jamu iko wapi?
"Rafu ya chini, nyuma ya siki. Na usiguse jiko."

"Nani huyo?"
"Cassius. Wa binti yangu. Yuko kwangu
tangu binti aende huko alikokwenda."
"Kwenye kodi umemwandika?"
"Nani mwingine amwandike?"
"Basi mko wawili."
"Hakuna hakimu aliyetia sahihi."
"Fomu haimtaji hakimu, mama. Inasema kaya."

Kaya. Akalitia mdomoni kama mchuzi usiojulikana chumvi yake.
"Mimi nilidhani wanauliza nani analipa,"
akasema. Kisha akafuta meza kwa kiganja,
meza isiyokuwa na kitu.

Siku tisini hupewa aliyekatwa kwa kutojibu.
Tulikuwa siku ya themanini na tatu.
Tukapiga simu, tukasubiri dakika hamsini na mbili
tukisikiliza filimbi moja ikipanda ngazi na kushuka,
mpaka mkutubi akaanza kuzima taa za upande wa watoto.
Karani alipopokea alikuwa na mafua.
Verlene akamwambia asali na tangawizi.
Tukatuma hati za mshahara, namba za Cassius,
anwani mpya isiyo karibu na mto.
Wiki mbili, akasema karani. Labda tatu.

Alipokuwa akivaa koti akageuka:
"Na wakiniongeza tena?
Nikatae?"

Nilifungua kijitabu, kurasa kumi na mbili,
nikashuka na kidole, nikapanda.
Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja katikati,
nikamsomea, kwa kuwa alikuwa anangoja:
Ukurasa huu umeachwa mtupu kwa makusudi.